Habari za Vidonda Vidogo vya Jembe na Panga

Leo hatusemi habari za kahawa wala za kakao. Twataka kusema habari za mikono na miguu inayozilima. Maana jembe likivunjika mpini, mtakata mpini mwingine. Lakini mguu ukioza, hakuna fundi wa kuwachongea mwingine.

Ninyi nyote mnajua namna watu wanavyoumia hapa kwetu. Huko Beni na Mutwanga mtu apasua ganda la kakao kwa panga, panga lateleza, kidole chakatika. Huko milimani Butembo na Lubero mwenye kulima maharage katika mteremko ajigonga mguu kwa jembe. Vijana wanaoteremsha mizigo kwa chukudu huanguka na kuchubuka magoti. Nao waendao kutafuta dhahabu pande za Mangurujipa hurudi na vidonda vya sururu na vya mawe. Vidonda hivi vingi ni vidogo, na kwa sababu hiyo watu huvidharau. Hapo ndipo ubaya unapoanza.

Mji wa Butembo wenyewe ulianza kama kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya Minière des Grands Lacs. Siku zile, katika machimbo na mashamba makubwa ya nchi za joto, ugonjwa mmoja uliangusha vibarua wengi, nao ni donda ndugu. Huanza kwa mchubuko mdogo chini ya goti. Mtu haoshi, hafuniki, chakula chake ni haba, naye asimama katika matope kila siku. Baada ya siku chache nyama yaoza, na donda latanuka. Wako waliopoteza mguu kwa jambo ambalo maji na sabuni vingelizuia.

Basi sikilizeni kazi ya kufanya, moja baada ya moja.

Kwanza, naweni mikono kwa maji na sabuni kabla ya kugusa kidonda. Ikiwa kidonda ni cha mtu mwingine, vaeni glavu, au vikeni mkono mfuko safi wa plastiki. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tulifundishwa kwa machozi ya kuwa damu ya mtu haiguswi kwa mkono mtupu. Neno hilo lisisahauliwe.

Pili, zuieni damu. Wekeni kitambaa safi juu ya kidonda, mkikandamize kwa nguvu dakika 10 mfululizo, bila kufunua-funua ili kutazama. Mkono au mguu uinuliwe juu. Kama kidole kina pete, itoeni upesi, kabla kidole hakijavimba.

Tatu, osheni kidonda. Hii ndiyo dawa iliyo kubwa kuliko zote, nayo hainunuliwi kwa bei kubwa. Chemsheni maji, yatokote dakika 3, yafunikwe mpaka yapoe. Maji safi ya bomba yanayofaa kunywa yafaa vilevile. Mkitaka, tieni kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Kisha mwageni maji mengi juu ya kidonda dakika 5 au zaidi, mpaka mchanga wote utoke. Mkitoboa kifuniko cha chupa safi ya plastiki kwa sindano, na kuikamua chupa, maji yatatoka kwa nguvu na kusukuma uchafu nje. Sabuni ioshe ngozi ya kandokando. Lakini maji ya shimo la dhahabu si maji ya kuoshea kidonda: yana matope, na mahali pengine yana zebaki.

Nne, funikeni. Chukueni kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kikaanikwa juani, kikapigwa pasi. Vazelini kidogo kutoka kopo safi huzuia kitambaa kisigandamane na nyama. Badilisheni kila siku, na kila mara kinapolowa au kuchafuka. Kikigandamana, msikivute, kiloweshwe kwanza kwa maji yaliyochemshwa. Mwenye kidonda cha mguu asiingie katika matope bila bote.

Sasa twaja katika mambo yasiyofaa. Msitie mavi ya ng'ombe, wala udongo, wala majivu, wala petroli, wala tumbaku. Msipasue vidonge vya dawa na kunyunyiza unga wake katika kidonda. Dawa hizo zina njia yake, naye munganga ndiye anayeijua. Pombe kali haifai ndani ya kidonda, maana huunguza nyama mpya inayoota. Na utomvu wa papai usitiwe kabisa. Ninyi mnaogema papai mnajua ya kuwa utomvu ule hulainisha nyama ngumu katika sufuria. Je, utafanya nini katika nyama ya mguu wenu?

Twawaomba mshike sana neno hili la sasa, kwani ni neno la kufa na kupona. Kuna ugonjwa uitwao pepopunda, wengine husema tetanosi. Kijidudu chake kina desturi kama ya mbegu: hulala katika udongo na katika samadi miaka mingi bila kufa, kikingoja mahali pa kuota. Mahali pake ni kidonda chembamba chenye kina, kisichopata hewa, kama kile cha msumari au cha mwiba. Kikiota hutoa sumu. Aghalabu ugonjwa huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Pengine kidonda chenyewe kimekwisha kupona, na mtu amekisahau. Taya lakaza asiweze kufungua kinywa, shingo yakaza, kisha mwili wote wapindika. Hata hospitalini wengi hufa.

Mkulima hawezi kuepukana na udongo wala samadi. Lakini chanjo iko. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na mama wenye mimba huchanjwa pia. Wanaosahauliwa ni wanaume wazima, nao ndio wanaoshika panga na sururu kila siku. Tena nguvu ya chanjo ya utoto hupungua miaka ikipita. Basi, ninyi wanaume, siku mnayomsindikiza mama na mtoto kwenye kituo cha afya, msikae nje chini ya mti. Ingieni, mwulize munganga habari za chanjo yenu wenyewe. Kuosha kidonda huja baada ya kuumia, lakini chanjo yafaa itangulie. Siku nyingine njia hazipitiki kwa mvua au kwa vita, na aliyechanjwa mapema amekwisha kujikinga.

Tena jueni vidonda ambavyo si vya kutunzwa nyumbani. Nendeni kituo cha afya siku ileile:

Ikiwa damu haikomi baada ya kukandamiza dakika 10, au yaruka kama chemchemi. Msiache kukandamiza njiani.

Ikiwa kidonda ni kirefu kwenda chini, au kimeachama, au kitu kimebaki ndani. Kitu kikubwa kilichochoma msikichomoe wenyewe.

Ikiwa kidole hakikunjiki, au kimekufa ganzi.

Ikiwa kidonda ni kichafu au chenye kina, naye mtu hajachanjwa, au chanjo yake ya mwisho imepita miaka 5.

Ikiwa mbwa ameuma. Osheni kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nendeni upesi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho kikianza hakina dawa.

Ikiwa baada ya siku moja au mbili wekundu watanuka, maumivu yazidi, usaha watoka, au homa yaja.

Na kama mtu ana kidonda kisichomwuma hata kidogo, msifurahi. Hospitali ya Oicha ilijulikana tangu siku za Daktari Carl Becker kwa kutunza wenye ukoma wengi. Ukoma huua hisia za ngozi, hata mtu akanyage mwiba asijue. Dawa ya ukoma hutolewa bure, na aanzaye mapema hupona kabla ya kuharibika vidole.

Mwisho, kila nyumba, na kila kundi la wachimbaji walio mbali msituni, wawe na kopo moja lenye kifuniko. Ndani yake wekeni kipande cha sabuni, vitambaa vilivyochemshwa na kufungwa katika plastiki safi, chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, vazelini, na glavu. Kopo hili lisichezewe na watoto, wala vitambaa vyake visifanyiwe kazi nyingine. Mmoja wenu apewe kazi ya kulitazama kila juma, arudishe kilichotumika.

Mnajua namna ya kutunza mche wa kahawa: mnautazama kila siku, mnaondoa wadudu wangali wachache, hamngoji mpaka shamba zima liharibike. Fanyeni vivyo hivyo kwa mwili. Kidonda cha leo kioshwe leo. Na juma hili asiyechanjwa aende akachanjwe.