Kilo Moja ya Chakula Ina Nguvu Kiasi Gani?



Sisi wanaushirika twaijua mizani. Twajua pia kwamba mizani haisemi yote: gunia la mahindi yasiyokauka huweza kuwa na uzito sawa na la mahindi makavu, lakini aliyelinunua amelipia maji. Leo naomba tuitumie kanuni hiyo katika chakula cha nyumbani, hasa cha watoto wadogo.

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa joto. Mtaalamu hukausha chakula, hupima gramu chache, akazitia katika chombo cha chuma kilichojazwa oksijeni, akakifunga na kukizamisha majini. Kisha hukiwasha chakula kwa umeme kikateketea chote, naye husoma kipimajoto ajue maji yamepata moto kiasi gani. Joto la kuongeza digrii moja ya Selsiasi katika kilo moja ya maji ndilo kilokalori moja. Watu wengi husema kalori tu.

Lakini mwili si tanuri. Sehemu ya chakula hutoka kwa choo na mkojo bila kutumika. Mtaalamu wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima hasara hiyo mwishoni mwa karne ya 19, na hesabu zake zingali zikitumika: gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Maji hayatoi hata moja.

Kwa hiyo kilo ya unga wa mahindi ina kalori 3,600 hivi; kilo ya muhogo mbichi 1,600 tu, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni maji; na kilo ya karanga yakaribia 5,700.

Sasa tutazame uji. Lita moja ya uji iliyotiwa gramu 50 za unga ina kalori 180. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili huhitaji kalori 900 hivi kwa siku. Hata maziwa ya mama yakimpa theluthi, zilizosalia zingemtaka anywe zaidi ya lita tatu za uji huo. Tumbo lake halina nafasi hiyo. Hunyamaza kwa kushiba, huku akikonda. Kumbe ameshiba maji.

Basi uji uwe mzito, nao utiwe karanga zilizosagwa. Gramu 15 tu za karanga huongeza kalori 85, karibu sawa na nusu lita ya uji ule mwepesi. Uzito ukimshinda mtoto kumeza, unga kidogo wa kimea cha ulezi, ukikorogwa katika uji uliopoa kidogo kisha uji ukachemshwa tena, huulainisha pasipo kuongeza maji. Alishwe mara nyingi kwa siku, asinyimwe maharage, dagaa, mboga wala matunda, kwani nguvu pekee haitoshi kumjenga.

Naziomba kamati za vyama vyetu zihakikishe maduka ya ushirika yana karanga safi zisizo na ukungu, na siku za mikutano ya wanachama uji huu upikwe mbele ya akina baba na akina mama. Mazao twayapima kwa uangalifu. Na kikombe cha mtoto tukipime vivyo hivyo.