Neema Isiyoombewa Kibali: Mukono 1941 na Ujasiri wa Kufikiri



Nilipokabidhiwa kiti hiki cha Historia ya Kanisa nilikusudia kuzungumzia utunzaji wa nyaraka za misheni, mada salama ambayo isingemkera mtu. Kisha nikasoma makala ya mwenzangu wa chuo jirani. Simtaji jina, maana ni rafiki na bado ana vitabu vyangu. Anadai kwamba Mkristo wa Afrika Mashariki hajawahi kuifikiria imani yake kwa akili yake mwenyewe. Kwanza alikaririshwa katekisimu na wamisheni, halafu ukaja Uamsho, lile vuguvugu la kuokoka lililotoka Rwanda na Uganda, ukamliza machozi, na hadi leo anayetaka kufikiri hana budi kutoka kanisani kwanza. Fundisho la neema, anaandika, ndilo kufuli lenyewe: ukishamwambia mtu kwamba hawezi lolote kwa nguvu zake, umeshamwambia asijisumbue hata kuwaza.

Makala hiyo imeandikwa vizuri, na hapo ndipo penye hatari. Wanafunzi wangu wanaipitisha kutoka simu hadi simu. Kwa hiyo nyaraka za misheni zitasubiri.

Nyuma ya mwenzangu amesimama mwanafalsafa Immanuel Kant na insha yake ya mwaka 1784. Humo Kant anasema mtu mzima ni yule anayethubutu kutumia akili yake bila kushikwa mkono na mwingine, na miongoni mwa walezi wanaotufanya tubaki watoto anamtaja mchungaji anayetubebea dhamiri. Mwenzangu ameishia hapo, wakati insha inaendelea. Kant huyo huyo anamwacha mchungaji mimbarani afundishe kama alivyoagizwa na kanisa lake. Uhuru anampa mtu yule yule akiwa mezani kwake na kalamu, akiwaandikia wasomaji kama mwanazuoni. Maana yake, uhuru wa kufikiri wa Kant unahitaji wino, mtambo wa chapa, na watu wenye nafasi ya kusoma. Sasa niambieni: ukiingia na kipimo hicho katika kijiji cha Karagwe mwaka 1940, utamkuta nani anayefikiri? Hakuna hata mmoja. Kipimo kilishatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Historia ndefu ya fundisho lenyewe la neema naipita, maana wengi humu ndani mnaifundisha: Pelagio na mtaguso wa Karthago wa 418, Luther, Trento na mengineyo. Wapo waliotaka nimjibu mwenzangu kwa kusema kwamba Augustino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, kwa hiyo neema ni fundisho la Kiafrika tangu asili. Ni kweli alizaliwa huko. Lakini hiyo ni hoja ya kujipongeza tu. Alikozaliwa mtu hakuthibitishi alichosema, na askofu wa Hippo aliyeandika Kilatini hakumfundisha mkulima wa migomba jinsi ya kubishana na mwinjilisti wake.

Ushahidi mkubwa wa mwenzangu ni Mukono, nchini Uganda, basi twende Mukono. Mwaka 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri. Walihubiri dhidi ya wizi uliokuwamo chuoni, na dhidi ya walimu ambao wanafunzi hao waliona wanaipunguza Biblia kwa elimu mpya ya Ulaya. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, akapiga marufuku mikutano hiyo. Wanafunzi ishirini na sita, William Nagenda akiwa mmoja wao, wakakataa kutii, wakafukuzwa. Mwenzangu anahitimisha: tazameni, waliikataa elimu, wakachagua kelele za alfajiri.

Kuna nusu ya ukweli hapa, nami sitaificha. Vijana wale hawakukaa chini na vitabu vya wahakiki wa Biblia wakavijibu ukurasa kwa ukurasa. Waliona hatari, wakapaza sauti. Mwalimu yeyote angeumia. Lakini hebu tulitazame tendo lenyewe. Hawa walikuwa vijana ambao maisha yao yote ya mbele, yaani upadri, nyumba, mshahara na heshima nyumbani kwao, yalikuwa mkononi mwa mkuu mmoja. Walisoma, wakashauriana, wakafikia uamuzi uliopingana na mamlaka iliyokuwa juu yao, na wakakubali kuulipia. Kama Kant anatafuta watu waliothubutu, basi wanafunzi ishirini na sita hao hapo! Mwenzangu anawanyima cheti kwa sababu hakupenda jibu walilolipata.

Na kuna jambo ambalo makala yote hailigusi. Baada ya kufukuzwa hawakuanzisha dhehebu lao, ingawa lingekuwa jambo jepesi. Nagenda hakuwekewa mikono ya upadri hadi mwisho wa maisha yake, lakini alihubiri nchi na nchi akiwa Mwanglikana wa kawaida. Walimgomea mkuu wa chuo na wakabaki kwenye benchi za kanisa lile lile, wakimsumbua askofu kila Jumapili. Kutoka ni rahisi. Ukishatoka, huna tena wa kubishana naye.

Ili kuelewa walichojifunza turudi nyuma miaka mitano, kwenye maandishi ninayoyapenda kuliko yote katika historia ya kanisa letu. Ni maswali matatu tu. Mwandishi wake ni Blasio Kigozi, Mganda, ndugu yake Simeoni Nsibambi, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Uamsho. Alikwenda Gahini nchini Rwanda, kando ya ziwa Muhazi, mwaka 1929, akafundisha shule penye hospitali ya misheni alipofanya kazi daktari Joe Church. Mwaka 1934 akapewa ushemasi. Mwanzoni mwa 1936 alialikwa Uganda kuzungumza mbele ya sinodi, akaandaa hoja zake. Hakuzisoma yeye. Alishikwa na homa ya papasi akafariki mwezi Januari, bado kijana, na maswali yakaifikia sinodi bila yeye.

La kwanza liliuliza nini kimelifanya Kanisa la Uganda kuwa baridi na kufa. La pili liliuliza kwa nini watu wanaoishi katika dhambi inayojulikana wanaruhusiwa kuijia meza ya Bwana. La tatu: nini kifanyike ili kanisa liamke.

Nimekuwa nikiwasomesha wanafunzi maswali haya kila mwaka, na kila mwaka huwa wananiuliza yalipo majibu. Hakuna. Hilo ndilo la kwanza la kuangalia. Shemasi kijana amepewa nafasi mbele ya maaskofu na wakubwa wa kanisa, naye anawaletea maswali, tena ambayo chanzo chake kimeketi kwenye viti vya mbele. La pili ni mpangilio: chanzo, dalili, tiba. Hayo ndiyo daktari anayoyatafuta, na huyu aliishi penye hospitali. La tatu ni kile kisichoulizwa. Mwaka 1936, chini ya ukoloni, ingekuwa rahisi sana kuuliza Wazungu wamekosea wapi, na kulikuwa na mengi ya kuuliza. Kigozi hakuwauliza kabisa. Analiuliza kanisa lake mwenyewe. Makala ya mwenzangu, inayojivunia kujikomboa kutoka kwa wamisheni, haiwezi kumaliza aya mbili bila kuwataja. Nani hapo amekombolewa?

Lakini swali la pili ndilo linalonifanya nirudi tena na tena. Kama neema ni bure, mezani anafukuzwaje mtu? Na kama anaweza kufukuzwa, ni bure kwa namna gani? Kigozi aliamini upande wa kwanza kwa moyo wake wote, halafu akauliza la pili bila kupunguza neno. Hakulainisha upande wowote ili mwingine ukae vizuri. Nimesoma vitabu vinene vya theolojia ambavyo havikuweza kufanya hivyo.

Niruhusuni niwaonyeshe jinsi swali hilo lilivyoshuka hadi kwenye kahawa. Uamsho ulivuka kutoka Rwanda na Uganda ukaingia Katoke, upande wa Biharamulo, mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha ukaenea kwa Walutheri wa Buhaya, kanisa lililomlea Askofu Josiah Kibira. Ulimkuta babu yangu akiwa karani wa mizani, akipokea kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima. Mizani yake ilikuwa na ugonjwa wa kupunguza, na babu alijua hivyo kwa kuwa aliuleta mwenyewe. Alipookoka alitoa daftari. Alikuwa ameandika humo kila alichopunguza, jina na ratili, kwa sababu karani hodari huwa anaandika hata wizi wake. Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutengeneza. Wengine walimcheka, wengine wakapandisha deni. Tatizo likawa wale waliokuwa wamekwisha kufa bila kuacha mtu.

Akalipeleka kwenye ushirika, yaani mkutano wa waliookoka. Mwinjilisti alimwambia aitie fedha hiyo kwenye sanduku la sadaka, mambo yaishe. Mama mmoja mjane, asiyejua kusoma zaidi ya jina lake, akapinga: sadaka hutolewa kwa kilicho chako, na hiyo ni kahawa ya marehemu, unataka kumpa Mungu mali ya mtu? Mwingine akauliza kwa nini anahangaika kulipa kabisa, kama damu ya Yesu imemwosha bure. Walibishana majuma kwa majuma. Babu alipokuwa akitusimulia aliruka yote hayo akafika kwenye jibu alilompa yule wa mwisho: "Silipi ili nisamehewe. Nimesamehewa, ndiyo maana naweza kulionyesha daftari. Kabla ya hapo ningelichoma."

Mwenzangu, fundisho unaloliita kufuli ndilo hilo. Kant anatutaka tuwe na ujasiri wa kufikiri, bila kutuambia ujasiri huo unatoka wapi. Mtu ambaye bado anapaswa kujitetea hawezi kuutazama ushahidi unaomhusu. Ataukunja, ataufuta, atauchoma. Anayeweza kusoma daftari lake kwa sauti mbele ya watu ni yule ambaye hukumu yake imekwisha. Hivyo ndivyo ninavyoamini neema inavyofanya kazi akilini.

Na watu wa ushirika walifanya hayo hadharani. Hawakuwa na mtambo wa chapa, wakajitengenezea hadhira yao kwenye uwanja chini ya migomba, ambamo mjane alimpinga mwinjilisti na mwinjilisti akalazimika kujibu. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi walokole, yaani watu wa Uamsho, walivyowaudhi wazee na wanasiasa waliokuwa wakijenga makabila yenye heshima, kwa sababu walitangaza siri ambazo heshima ilitaka zifichwe. Kule Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau: waliokunywa kikombe cha damu ya Kristo hawakuona jinsi ya kunywa kingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za walinzi wa serikali, wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi wakauawa. Mtu anaweza kusema walikosea kisiasa. Ndugu zangu wa Nyeri wameniambia hivyo kwa ukali, na nimewasikiliza. Lakini hakuna aliyewatungia msimamo huo. Kanisa la kikoloni lingefurahi wangeshika bunduki.

Siwafichi pia ubaya wa Uamsho. Nuru iliyomfungua babu iligeuka, katika mikono mingine, kuwa tochi ya kumulikia nguo na nywele za mabinti. Katika miaka ya 1970 nchini Uganda, kundi la Waliozinduka chini ya Yona Mondo lilifika mahali pa kuhukumu hata kukopa. Nimeona ushirika ukimnyamazisha dada mmoja kwa kumwambia "hujavunjika", neno ambalo halijibiki, kwa sababu kila ukijibu unathibitisha mashtaka. Hapo kufikiri kulikuwa kumekufa, na machozi hayakukufufua. Mwenzangu angechagua mifano hiyo ningenyamaza ukurasa mzima.

Hata hivyo ukurasa ungefuata. Ushirika ulipomnyamazisha dada yule ulikuwa umerudi kwenye kujitetea. Umesahau neema, ukabaki na sheria ya mavazi. Ugonjwa huo haukuanzia kwa walokole. Nimeuona kwenye vikao vya idara.

Jambo la mwisho ni la kiutawala. Nimependekeza kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika theolojia, kabla ya kutetea tasnifu yake mbele yetu, aitetee kwanza kwa Kiswahili mbele ya ushirika wa usharika wowote, akiulizwa na yeyote atakayesimama. Kamati imerudisha pendekezo hilo ikisema halina vigezo vya kutoa alama. Mwenzangu, nilipomweleza, alicheka akasema nusu ya wanafunzi wangefeli. Nami nadhani ni zaidi ya nusu, na wasimamizi wao wengi pamoja nao. Nitalipeleka tena mwezi ujao, nikiwa na majina ya wazee watatu waliokubali kuuliza.