Askari Wetu na Wanaowangoja Nyumbani



Katika Yubile hii twamshukuru Mungu kwa ajili ya makanisa na shule zetu. Walakini tungekosa kama tungewasahau askari, na jamaa zao waliowangoja.

Tarehe 5 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na wengi wao ni askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Siku ya saba, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili tu. Wakafa watu 1,297. Kaburi lao ni bahari. Askari hao hukumbukwa kwenye makaburi ya vita, Nairobi.

Basi zifikirini nyumba zao. Habari ilifika, lakini hapakuwa na mwili wa kuoshwa, wala kaburi la kupaliliwa. Mama hakutupa udongo juu ya mwanawe. Mke aliposikia hatua za mtu usiku, aliinua kichwa.

Tumezoea kumwambia mfiwa, Nyamaza, ni amri ya Mungu. Maneno haya si ya uongo, lakini hayatoshi. Tena mara nyingine twayasema ili sisi wenyewe tusisumbuke. Saburi si kunyamaza. Bwana wetu alilia penye kaburi la rafiki yake, hali akijua ya kuwa atamfufua. Mwenye kulia mbele ya Mungu hajaiacha imani. Amemletea Mungu mzigo wake.

Na jambo hili halikwisha pamoja na vita vile. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania waliokwenda Kongo kulinda amani waliuawa huko Semuliki, na nyumba nyingine zikaingia katika msiba ule ule.

Kwa hiyo twawasihi. Walimu, andikeni katika daftari ya kanisa majina ya askari wa mtaa wenu, nayo yasomwe madhabahuni siku ya kuwakumbuka Marehemu wote. Nanyi mlio jirani, msiishie matanga; rudini baada ya mwezi, na baada ya mwaka, mkaketi. Arudiye mzima naye, msimhimize kusimulia, wala msimkimbie asimuliapo.

Mungu awape waliolala pumziko, na wanaongoja nguvu. Amina.