Mtoto Mgeni Katika Mchezo wa Wenziwe

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa ndimi zote za wanadamu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Nakuusieni, na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazame dhulma isiyopigiwa kelele: mtoto mdogo wa wahamiaji kutengwa na wenziwe mahali anapolelewa mchana.

Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2013, sheria humpa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata malezi ya mchana. Mwaka 2015 mamia ya maelfu ya watu walikimbilia huko, wengi wakitoka Syria, Afghanistan na Iraki, nao walikuwa na watoto. Sheria yaweza kumpa mtoto nafasi shuleni. Haiwezi kumpa nafasi mchezoni.

Mtoto wa miaka mitatu asiyejua lugha ya wenziwe huenda asipigwe wala asitukanwe. Hachaguliwi tu. Akiomba kitu hafahamiki. Akikichukua huitwa mkorofi. Mwisho hunyamaza na kusimama pembeni, na mlezi husema mtoto huyu ni mtulivu. Huo si utulivu, ndugu zangu. Na kwa kuwa watoto hujifunza lugha katika mchezo, aliyenyimwa mchezo amenyimwa na lugha, na kesho atatengwa kwa sababu ile ile.

Tazameni mwenendo wa Mtume wetu. Baadhi ya Waislamu wa mwanzo walihamia Uhabeshi kwa mateso ya Makka, wakazaa watoto huko. Mmoja wa watoto hao ni Umm Khalid, binti wa Khalid bin Said. Imam Bukhari amepokea kwamba, alipokuwa msichana mdogo, Mtume (S.A.W.) alimwita, akamvisha kwa mkono wake nguo yenye nakshi, kisha akaisifu nguo hiyo kwa neno la Kihabeshi. Baba yake alikuwa Mkureshi. Hata hivyo Mtume alichagua neno la nchi alikolelewa mtoto.

Enyi wazazi na wanafunzi,

Nasi hapa Tanzania, hasa mkoani Kigoma, tumepokea kwa miaka mingi watoto kutoka Burundi na Kongo. Mwanao akirudi kutoka shule ya vidudu, usimwulize alichojifunza tu. Mwulize pia ni nani aliyebaki peke yake. Mfundishe salamu moja ya lugha ya mwenziwe. Tena tuchunge ndimi zetu, maana hakuna mtoto anayezaliwa na dharau. Huisikia mkekani kwetu tunapokula. Nanyi walezi, mpeni mtoto mgeni mwenzi mmoja wa kufanya naye kazi ndogo, kwani kuingia kwa mmoja ni kwepesi kuliko kuingia katika kundi.

Ewe Mola wetu, zilainishe nyoyo zetu kwa wageni wadogo. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwangu na kwenu. Amin.