Fundo la Ulimi: Viongozi Wetu na Kazi ya Tiba ya Usemi



Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T) aliyempa mwanadamu ulimi na akamfunza kusema. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, walioandaa kikao hiki walinipa mada mbili nichague moja: viigizo vyetu katika uongozi, au kazi ambayo kijana wa Kiislamu angefaa kuifikiria. Mimi nimekataa kuchagua, nimezifunga pamoja. Mkinivumilia kidogo mtaona kwa nini.

Tukitaja kiongozi, hebu sema kweli, unamwona nani? Wengi wetu tunamwona mtu aliyeshika maikrofoni. Anasema bila kukwama, watu wanaitikia takbir. Hata kwenye jumuiya zetu za vijana, uchaguzi ukifika tunamtafuta yule mwenye maneno. Mwenye kigugumizi tunampa kazi ya kupanga viti.

Sasa mtazame Nabii Musa (A.S). Huyu ndiye Mtume aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani mara nyingi kuliko mwengine yeyote, na ndiye aliyesemeshwa na Mola wake akaitwa Kalimullah. Alipotumwa kwa Firauni, katika mambo ya mwanzo aliyoyaomba ni kufunguliwa fundo lililokuwa katika ulimi wake, ili watu wafahamu kauli yake. Mtaikuta dua hiyo katika Surat Taha, na wengi wenu mmeihifadhi tangu chuoni, mnaisoma kabla ya mtihani. Lakini je, tumewahi kukaa tukaifikiria kuwa ni dua ya mtu mwenye tatizo la kusema?

Na tazama alichokiomba. Hakuomba awe msemaji kuwashinda wasemaji wote wa Misri. Wafasiri wamegusia kuwa aliomba fundo litoke kwa kiasi cha kufahamika tu. Tena akaomba ndugu yake Harun awe naye, kwa sababu Harun ana ufasaha zaidi. Hakuona haya kulisema hilo. Aliyeona kasoro hapo ni Firauni. Katika Surat Zukhruf, Firauni anawaambia watu wake kwamba yeye ni bora kuliko huyu mtu dhaifu ambaye hata kujieleza ni shida, kisha anauliza mbona hakuvishwa vikuku vya dhahabu. Yaani kwa Firauni, kiongozi ni dhahabu na maneno mengi. Nawaachia nyinyi mjipime, tunapomcheka mwenzetu mwenye kithembe tumesimama upande gani.

Mtume wetu (S.A.W) naye, katika hadithi alizopokea Bukhari, imeelezwa kuwa alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu ili lifahamike, na Bibi Aisha (R.A) ameeleza kuwa alisema kwa utulivu hata mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Na kuna ile hadithi mashuhuri ya mwenye kusoma Qur'ani kwa taabu, ulimi unakwama kwama, kwamba yeye ana ujira mara mbili. Maustadh wanaowachapa watoto wenye kigugumizi kwa kuchelewa kuimaliza aya, hadithi hii wanaijua kuliko mimi.

Basi nikaja kujiuliza: hivi leo, fundo la ulimi likimpata mtu, dua tunayo. Na sababu? Mgonjwa wa macho tunamwombea dua na tunampeleka kwa daktari wa macho. Mgonjwa wa ulimi tunampeleka wapi?

Iko kazi inaitwa tiba ya usemi na lugha. Mwenye kuifanya anawashughulikia watoto waliochelewa kusema, wenye kigugumizi, watoto wa usonji na wa mtindio wa ubongo, waliozaliwa na mdomo wa sungura wakapasuliwa na bado sauti zinatokea puani, na watu wazima waliopoteza usemi baada ya kiharusi au kuumia kichwa. Si kazi ngeni ya kizungu kama mnavyodhani. Wewe uliyepita chuoni umeshasoma mlango wake wa kwanza. Makharij ya herufi ni nini? Ni ramani ya mdomo: koo, ulimi, midomo, uwazi wa kinywa na pua, na kwa kauli mashuhuri makhraj kumi na saba ndani yake. Maalim alipokwambia toa ncha ya ulimi uiguse meno ya juu upate *tha*, alikuwa akifanya jambo ambalo mtabibu wa usemi hulifanya kila siku. Ibn Sina, tunayemjua kwa utabibu, aliandika risala maalumu juu ya namna sauti za herufi zinavyotokea. Na Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, hakuweza kuitamka *ra*. Basi akajizoeza kuikwepa, akatoa hotuba nzima isiyokuwa na herufi hiyo hata moja. (Itikadi yake ya Muutazila simo, nasema habari ya ulimi tu.)

Sasa niwaambie kilichonifanya mimi niifuate kazi hii. Ami yangu alisomesha chuo miaka mingi mtaani kwetu. Asubuhi moja akaamka mkono wa kulia umelegea na maneno yameondoka. Hospitali walimpima presha, wakampa dawa, baada ya siku chache wakamruhusu. Habari ya ulimi hakuna aliyeigusia. Nyumbani akawa anataka maji na hawezi kusema maji. Anaonyesha, anakasirika, analia. Mtu mzima, mwenye heshima zake, analia mbele ya wajukuu.

Kisha likatokea lililowachanganya watu wote. Ukifika wakati wa sala anasoma Alhamdu mpaka mwisho, haikosei. Akitoka kwenye mswala, kimya. Basi maneno yakaanza. Wako waliosema ana jini. Wako waliosema, hasha, huyu anaweza kusema, ni kiburi tu na ukaidi wa uzee. Shangazi yangu aliyaamini hayo ya pili kwa muda, na yalimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Ukweli ni kuwa jambo hili linajulikana na lina maelezo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimweleza mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka ila silabi moja, "tan", na alipofariki akakutwa na jeraha sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Kwa watu wengi huko ndiko maneno yanakotungwa. Kiharusi kikipiga hapo, akili ya mtu inaweza kubaki salama, anajua analotaka, ila njia ya kulitoa neno imeharibika. Lakini vile tulivyovihifadhi tangu utotoni, kama kuhesabu, nyimbo, dua na sura fupi, haviungwi upya kila mara neno kwa neno, vinatoka kama uzi mmoja. Ndiyo maana vinaweza kusalimika. Ami hakuwa na jini wala kiburi. Hifadhi yake ya miaka sitini ilikuwa imebaki pale kiharusi kilipopakosa.

Mtaalamu tulimpata baada ya miezi minane, tena Nairobi. Alikaa naye siku mbili, akatufunza sisi la kufanya. Kuhesabu naye kwa pamoja, kisha kumwachia nambari ya mwisho aimalize mwenyewe. Kumwanzishia sentensi anayoijua na kunyamaza. Kupiga picha vitu vyake mwenyewe, birika, bakora, mswala, kofia, na kumwonyesha kila siku. Na la muhimu, kumpa muda, tusimmalizie maneno. Leo ami hatoi darsa. Lakini anaitisha maji, na wajukuu anawaita kwa majina, ijapokuwa wawili bado anawabadilishana. Miezi ile minane ndiyo isiyoniondoka moyoni.

Na kwa kuwa tuko Ramadhani, liko jambo jengine la kazi hii ambalo wengi hawalijui. Mtabibu wa usemi ndiye pia anayeangalia kumeza, maana viungo ni vile vile. Mzee aliyepata kiharusi akiwa anapaliwa kila akinywa maji ya kufuturu, au sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni baada ya uji, hilo si jambo la kumpigapiga mgongo na kuendelea. Chakula au maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye mapafu, na homa ya mapafu inaua. Mkalishe wima, mpe kidogo kidogo, na mpeleke akaangaliwe. Swala la kufunga kwake muulizeni daktari na shekhe.

Watoto nao. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida anaunganisha maneno mawili: mama njoo, taka maji. Akiwa hajafika huko, usiambiwe tu babake naye alichelewa. Anza na masikio, apimwe kama anasikia, kwa sababu homa ya uti wa mgongo na manjano kali ya utotoni inaweza kuharibu usikivu, na asiyesikia hawezi kuiga. Kimio hakina hatia, kisikatwe. Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano. Kiasi cha watoto watano katika mia hupitia, na wengi hupoa. Hakiletwi na mama kula kitu fulani wala mtoto kutekenywa. Na ukimwambia "sema polepole!" mbele za watu unamwongezea fundo. Polepole isema wewe, yeye atakufuata.

Mtasema, sawa, lakini wataalamu si wapo? Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, na waliotajwa kuwa na ulemavu wa mawasiliano walipita laki moja. Wataalamu wa kazi hii ni wachache mno, na wengi wako Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Haki hiyo itamfikia vipi mtoto wa Faza au wa Kwale?

Tena hata akipatikana mtaalamu, kuna tatizo la lugha. Kadi na vipimo vingi vimetungwa Uingereza na Marekani. Mtoto wetu anaonyeshwa picha ya theluji, akinyamaza inaandikwa hajui. Na Kiswahili chenyewe, mtoto wa Lamu akisema *mato* na *ndia*, mtu asiyejua Kiamu ataandika kuwa ameshindwa kutamka *macho* na *njia*. Maskini, hakushindwa na kitu. Amesema alivyomsikia mamake na bibi yake. Nani atamtetea mtoto huyo isipokuwa mtu aliyelelewa kwa lugha hiyo? Na mama wa Kiislamu aliyepooza upande wa uso, anayehitaji kushikwa mdomo na shavu kwa ajili ya mazoezi, hatafarijika zaidi akihudumiwa na mwanamke mwenzake? Dada zangu, hapo nawatazama nyinyi.

Mamangu nilipomweleza alicheka, akaniuliza, "Kazi ya kufunza watu kusema? Kwani nani hajui kusema?" Ami akiwa hapo hapo, akanyanyua mkono wake mzima. Mama hakuuliza tena, ingawa ufamasia bado anautaja.

Njia zake ni hizi. Shika sana biolojia na lugha, zote mbili. Makerere, Kampala, walianzisha shahada ya kazi hii mwaka 2008. Afrika Kusini wanaisomesha tangu miaka ya 1930. Mimi nimepita njia ndefu: nasoma isimu, niko mwaka wa tatu, na nia yangu ni shahada ya pili ya tiba ya usemi, ambayo Uingereza inachukua miaka miwili. Karo ni nzito, siwafichi, nami bado naitafuta. Wanaotaka tutafute kwa pamoja, tujuane.

Wala msingoje vyeti. Kwa idhini ya ustadh, tuanze hapa hapa chuoni baada ya Idi: kila darasa lina mtoto mmoja anayerukwa zamu yake ya kusoma kwa sababu anachelewesha wenzake. Tumjue ni nani, apewe zamu yake, na darasa zima lingoje mpaka amalize.

Wabillahi tawfiq.