Mtoto Ndani ya Picha



Mwaka 1995, makambini karibu na Goma, picha za watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi zilibandikwa kwenye mbao, kila picha na namba yake. Mzazi alikuja kutafuta wake. Pengine, kati ya sura nyingi zile, akakutana na mtoto wa jirani waliyeacha kusalimiana.

Nawe ukiona sura unayoijua, usiseme, "Huyu si wa kabila letu." Shika namba, kawaambie watu wa Msalaba Mwekundu. Mtoto hakabidhiwi kwa picha tu. Wao watahakikisha ukoo kwanza. Chefu, picha zikiletwa zitundikwe penye bomba la maji, ambapo kila mama hupita.