Urithi wa Jeni na Madhara ya Upasuaji: Utafiti Umefika Wapi?

Madhara yanayompata mgonjwa baada ya upasuaji hutokana na ustadi wa daktari, usafi wa thieta, afya aliyoingia nayo, na pia jeni alizorithi. Katika hizo jeni, baadhi hudhuru peke yazo na kwa nguvu. Nyingine huongeza hatari kidogo kidogo zikiwa nyingi. Za kwanza zimeshabadili utabibu. Za pili zimewasumbua watafiti kwa miongo kadhaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Melbourne, Australia. Mwaka 1960 Michael Denborough na mwenzake waliandika katika jarida la The Lancet habari za kijana aliyevunjika mguu, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa nusu kaputi, si mguu. Ndugu zake 10 walikuwa wamefariki baada ya kupewa dawa ya usingizi. Alipopewa gesi ya usingizi ya halothani joto lake lilipanda, akapoozwa, akapona. Baadaye ilijulikana kuwa chanzo kikuu ni kasoro katika jeni ya RYR1, inayosimamia utokaji wa kalsiamu ndani ya misuli. Kwa mwenye kasoro hiyo, gesi za usingizi na suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, huuacha mlango wa kalsiamu wazi: misuli hukakamaa, mwili huchemka, damu hujaa asidi. Dawa ya hali hiyo, dantrolini, ilithibitishwa kwa nguruwe mjini Cape Town mwaka 1975. Kabla yake wengi wa waliopatwa walikufa. Inapopatikana mapema, wengi hupona.

Hata dawa ya maumivu ina sura hiyo. Kodeini hugeuzwa kuwa mofini na kimeng'enya cha CYP2D6, na wapo watu wenye nakala za ziada za jeni yake. Mofini huwajaa upesi mno. Baada ya vifo vya watoto waliotolewa tonsili, Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013. Jambo hili lapaswa kuwagusa madaktari wa Afrika Mashariki kuliko wa Ulaya kaskazini, kwani nchini Ethiopia nakala hizo za ziada zilikutwa kwa asilimia 29 hivi ya watu waliopimwa.

Sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, ni ngumu zaidi. Uchunguzi wa watoto wa kulea nchini Denmark, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kwamba mzazi wa damu akifa kwa maambukizi kabla ya miaka 50, hatari ya mtoto kufa vivyo hivyo huongezeka zaidi ya mara tano. Kifo cha mlezi hakikuwa na athari hiyo. Wengi wakakimbilia jeni moja moja, hasa ya TNF, wakipima wagonjwa wachache, na majibu yakapingana. Haikuwa ajabu: usaha wa tumbo lililotoboka na nimonia ya mgonjwa wa mashine ya kupumulia viliwekwa kapu moja.

Mafanikio yalihitaji ugonjwa mmoja na wagonjwa wengi. Mwaka 2020 mradi wa GenOMICC wa Uingereza ulilinganisha vinasaba vya wagonjwa mahututi 2,244 wa UVIKO-19 kutoka vitengo 208, ukazibaini sehemu za jeni kama TYK2 na IFNAR2. Faida yake kubwa haikuwa kutabiri nani atazidiwa, bali kuelekeza kwenye tiba: barisitinibu, dawa inayozuia njia ya kinga ambamo TYK2 hufanya kazi, ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 13 katika jaribio la RECOVERY.

Afrika imechangia sehemu ndogo tu ya takwimu hizi, ingawa watu wake wana tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote. Kwa hiyo alama za hatari zilizokokotolewa Ulaya hupungua usahihi zikiletwa huku. Kipimo cha Faktari ya Tano ya Leiden, kasoro ya jeni inayoifanya damu igande kupita kiasi, kwa mfano, hakina kazi kubwa mahali ambapo kasoro hiyo ni nadra sana. Jeni ya selimundu ndiyo yenye uzito hapa, na kipimo chake kabla ya upasuaji ni rahisi. Swali la kama kuna ndugu aliyefia thieta halina gharama, ila jibu lake huwa pungufu, kwa sababu familia nyingi hazikuwahi kuelezwa chanzo cha kifo.